Bampa la Eufrasia

Pale Tinde watu husema kunyamaza kwa Eufrasia ni kama mvua ya Kishapu: unaisikia imenyesha kwa wengine. Ndiyo maana asubuhi ile, alipozunguka nyuma ya gari lake akakuta bampa limepasuka upande wa kulia, na kimoja cha vile vidude vya sensa, vinavyolia gari likirudi nyuma karibu na kitu, kimebonyea ndani kama jicho lililokula ngumi, jirani zake waliacha kupepeta wakangojea matusi. Eufrasia akafungua mdomo. Akaufunga. Hapo wakajua jambo ni zito.

Gari lilikuwa limerudi jana yake. Aliyekuwa nalo ni mkwewe Donatus, mume wa binti yake Nelly, broka wa dhahabu huko Geita, yaani mtu wa kununua chembe kwa wachimbaji wadogo na kuwauzia wenye mizani mikubwa. Aliliazima kwenda kumzika rafiki. Akalirudisha limeoshwa, linang'aa mpaka matairi.

"Mwanamume ambaye tangu azaliwe hajaosha sahani aliyolia chakula," Eufrasia aliwaambia kuku wake, "leo kaniosha gari. Nyie mnalionaje hili?"

Aliwaambia kuku kwa sababu Donatus mwenyewe alikuwa amesimama nje ya uzio wa minyaa, na mila haikumruhusu kusogea zaidi. Katika ukoo wao wa Kisukuma, mama mkwe na mkwe wa kiume hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali chungu kimoja, hawapishani mlangoni. Kitu kikitoka kwa huyu kwenda kwa yule kinapitia kwa Nelly, au kinawekwa chini, mwenzake akakiokote mwenye kukiweka akishaondoka. Hata siku ya kuazima gari, ufunguo uliwekwa juu ya kigoda, Eufrasia akaingia ndani, ndipo Donatus akauchukua. Wengine huiita heshima. Eufrasia aliiita bahati ya Donatus, maana bila hiyo angekuwa keshang'olewa sikio moja.

"Shikamoo, mama," sauti ikatoka kwenye minyaa.

"Marahaba," Eufrasia akamjibu jogoo.

"Mama, hilo bampa nililikuta hivyo hivyo. Nikadhani unajua."

"Nelly!" Binti, aliyekuwa amekuja kutoka Geita kumtembelea, akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Mwambie mumeo na mimi nilidhani ana macho. Kumbe yanaona chembe ya dhahabu tu, ufa wa urefu wa mkono yanaupita."

"Mama, si amekusikia?"

"Najua amenisikia. Mwambie."

Nelly akageukia uzio, akarudia kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msikitini na yeye ni Mkristo. Donatus akacheka kidogo. Kicheko hicho ndicho Eufrasia hakukipenda; kilikuwa cha mtu aliyeshiba kabla ya chakula kuiva.

"Mwambie mama," alisema, "si kosa lake. Umri nao una yake. Rivasi inawasumbua hata madereva wa malori."

Akaenda zake. Na hakurudi Geita. Alikwenda moja kwa moja kwa Masele, akafikia huko.

Huyu Masele ni kaka wa marehemu Selestine, mume wa Eufrasia, na ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Ana ng'ombe wengi na maneno machache, na yote mawili huyatoa kwa uchungu. Jua lilipokuwa linaelekea kuchoka akaingia uani, akakaa kwenye kiti alichopewa, akaangalia bampa muda mrefu kama anayechagua dume mnadani.

"Shemeji," akasema, "umeligonga gari la ndugu yangu."

"Gari la ndugu yako," Eufrasia akarudia polepole, kama anayeonja chumvi.

Hapa inafaa ijulikane gari lilivyopatikana. Eufrasia alimaliza darasa la saba Samuye, akaolewa, akafuatana na mumewe kwenye machimbo ya Geita. Selestine alifanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Yeye Eufrasia alipika wali na maharage chini ya turubai, akawalisha wachimbaji waliokuja wamepakwa vumbi mpaka kope, akawatukana wasiolipa na kuwaongezea ukoko wanaolipa. Masufuria yake ndiyo yaliyonunua gari. Lakini wakati huo Selestine alikuwa ameanza kukohoa. Vumbi la mawe lilikuwa limemjaa kifuani, na daktari hakuficha. Eufrasia akaliandikisha gari kwa jina la mumewe. Alitaka mgonjwa alione jina lake kwenye kadi ya gari, pengine fahari ingempa pumzi. Haikumpa.

Tangu mazishi, gari hilo hubeba wanawake wa mitumba na marobota yao kwenda minadani. Eufrasia huendesha mwenyewe. Na ana amri moja ambayo hata abiria wake wanaijua: gari lake halikanyagi karasha, halisimami karibu na karasha, na mwenye biashara ya karasha atafute punda.

"Kadi ina jina lake," Masele akasema. "Mimi sikuandika."

"Na mimi niliyeandika sikujua kama naandika wosia wa shemeji."

"Usinijibu hivyo. Donatus anasema gari hilo likifanya kazi Geita litailetea familia faida. Wewe hapa unalipiga kwenye nguzo. Litaisha, na sisi tutabaki tunaangalia chuma."

"Nguzo ipi? Nionyeshe nguzo ya Tinde yenye rangi nyeupe ya gari langu."

Masele hakuwa na nguzo. Alikuwa na uamuzi. Jumapili baada ya ibada ukoo ungekaa pale pale uani. Eufrasia angelitoa gari kinyumenyume kupitia mwanya wa minyaa, wote wakiona. Akigusa kitu, au gari likipiga kelele za kichaa kama lilivyokuwa linapiga sasa kila likitiwa rivasi, basi ufunguo ungekwenda kwa Donatus.

"Gari linalopiga kelele bila sababu," alisema akisimama, "ni gari ambalo mwenyewe amelishindwa."

Eufrasia alimsindikiza kwa macho. Mahakama alizijua ziliko, na wajane walioshinda kesi aliwajua pia. Ila aliwajua vilevile waliotafuta haki huku gari lenyewe likitafunwa Geita, wakaja kurudishiwa mlango na usukani. Aliyekalia kigoda haombi kigoda. Ufunguo ukitoka mkononi, kesi imeshatoka nusu.

Kesho yake akalipeleka gari kwa Davis, fundi wa pale barabarani. Davis akainama, akatia kidole kwenye ufa, akatikisa kichwa.

"Liache hapa, mama. Nitaliangalia taratibu. Njoo wiki ijayo."

"Kwa kidude cha ukubwa wa kizibo?"

"Umeme wa gari si wa kukurupuka, mama. Halafu Donatus alishanipigia simu. Alisema likija nikae nalo mpaka Jumapili ipite, ukoo uamue..." Davis akajing'ata ulimi, akajifanya anatafuta spana.

"Maliza, mwanangu. Usiumwe na sentensi."

Davis akainamia sanduku la spana. Eufrasia akawasha gari, likatiwa rivasi, likalia piii moja ndefu isiyopumua mpaka barabarani, watu wakageuka. Akaliacha lilie. Aibu haikuwa yake.

Nyumbani akalitazama lile bampa kwa mikono kiunoni. Alikuwa hajawahi kufungua gari. Lakini alikuwa amefungua majiko ya mafuta yaliyoziba, cherehani ya dada yake, na jeneza la mumewe lilipofungwa vibaya mbele ya waombolezaji. Bampa ni nani?

Alianza kwa kutafuta mgonjwa. Aliweka jiwe nyuma ya tairi, akavuta breki ya mkono, akageuza ufunguo bila kuwasha injini, akatia rivasi. Kisha akapiga magoti nyuma, akatega sikio kwenye kila sensa. Hili aliwahi kuliona kwa fundi mmoja wa Shinyanga mjini. Sensa nzima hutoa mlio mdogo wa tiktiktik, kama mende anayetembea juu ya karatasi. Tatu zikatoa. Ile ya kulia mwishoni, iliyobonyea, ilikuwa kimya kama Davis.

"Mama, unalisikiliza gari?" Nelly akauliza kutoka mlangoni.

"Linasema ukweli kuliko watu wa nyumba hii."

Akaichokoa ile sensa mbovu kupitia kwenye ufa, akaichomoa kwenye waya wake, akaifunga kwenye upindo wa kanga, akapanda basi kwenda Shinyanga.

Pritesh ana duka la spea ambalo baba yake alikuwa nalo kabla yake, na tabia ya kutotazama mteja mpaka mteja aseme kitu cha maana. Eufrasia akaifungua kanga juu ya kaunta.

"Hii."

Pritesh akaigeuza, akasoma maandishi madogo ya mgongoni, akaingia nyuma, akarudi na boksi.

"Fundi wako yuko wapi?"

"Unamwona."

Ndipo akainua macho. "Mama, ukiivunja siirudishi. Ikishafungwa, yako."

"Na ukinipa isiyofanana nayo, wewe ndiye utakuwa wangu. Linganisha plagi."

Akalinganisha. Pini zilifanana, umbo lilifanana, ila mpya ilikuwa nyeusi na bampa ni jeupe. Eufrasia akasema ataipaka rangi. Pritesh akaivuta sensa kwake kama anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Usipake. Watu wanapaka rangi nene ya geti, sensa inakuwa kiziwi, halafu wanakuja kunigombeza mimi. Iache nyeusi. Na hii alama hapa, unaiona? Ikae juu. Ukiipindua itatazama ardhi, itaimba siku nzima."

"Maneno yako mengi kuliko bei yako ilivyo nzuri."

"Na wewe ulimi wako mkali kuliko bisibisi ninazouza. Unataka moja?"

"Ninayo."

Wakaachana hivyo, bila kwaheri, na hakuna aliyeona amekosewa.

Kazi yenyewe aliifanya Jumamosi, maana sensa mpya haiingii tunduni mpaka bampa lifunguliwe. Alitandika mkeka nyuma ya gari, akapanga bisibisi, spana na sahani ya bati ya kuwekea skrubu. Alizifungua zile za ndani ya matao ya matairi, akajichubua vidole. Akaja kwenye klipu za plastiki chini ya bampa. Ya kwanza ilitoka vizuri, ya pili ilikatika, ya tatu ilimrukia usoni, naye akaiita jina la ukoo wa Donatus. Jasho lilimtiririka. Alikuwa ameshika upande mmoja wa bampa, anauvuta kidogokidogo kama anayetenga ngozi ya mbuzi na nyama, aliposikia viatu kwenye kokoto nje ya uzio.

"Nelly," sauti ya Donatus ikasema, "mwambie mama aache. Atakata waya. Niingie nimalizie."

Nelly alikuwa anachambua mchele kibarazani. Akainua kichwa, akamtazama mama, akatazama minyaa. "Mama, anasema..."

Eufrasia hakungoja. Alivuta kigoda, akakiweka katikati kabisa ya nyuma ya gari, akakaa. Akajitengeneza kanga magotini. Hapo alipokaa, mkwe asingeweza kulifikia bampa bila kumfikia mama mkwe.

"Mwambie aingie," akasema. "Karibu sana. Njia nyeupe."

Viatu vikasimama kwenye mwanya wa minyaa. Donatus akajaribu upande wa kushoto. Eufrasia akasogeza kigoda kushoto. Akajaribu kulia. Kigoda kikaenda kulia. Jirani mmoja upande wa pili akaangua kicheko, akakimeza.

"Hii si haki," Donatus akasema. "Mila si ya kufanyia vita."

"Mwambie mila ni yetu sote. Siku alipouchukua ufunguo wangu juu ya kigoda, akashukuru, hakuilalamikia."

"Mwambie Jumapili ni kesho."

"Mwambie namshukuru kwa kalenda."

"Mwambie hivi, mwambie vile!" Nelly akapiga ungo chini, mchele ukatawanyika kuku wakafurahi. "Mimi si simu yenu!" Akaingia ndani. Donatus akabaki kidogo, kisha viatu vikaondoka.

Eufrasia alirudi mkekani. Ungo aliutazama mara moja, akauacha pale pale. Akauvuta ule upande wa bampa. Ukaachia. Na kutoka nyuma yake, kutoka kwenye uwazi wa ndani ya plastiki usiofikiwa na maji ya kuoshea gari, ukamwagika unga wa kijivu juu ya mkeka.

Aliutazama. Akauchukua kidogo, akausugua kati ya vidole. Ulikuwa laini kama poda, na ndani yake vipande vidogo vya jiwe jeupe vyenye makali.

Marudio. Ndivyo wanavyouita machimboni ule mchanga unaobaki jiwe likishasagwa na dhahabu kutolewa. Tinde hauko. Samuye hauko. Kishapu utakuta vumbi jekundu na tope jeusi la mbuga, lakini unga huu wa kijivu haukai popote isipokuwa penye karasha. Eufrasia aliufua kwenye mashati ya Selestine miaka mingi, akaukung'uta kwenye mto wake, na mwishoni akamsikia akiukohoa. Mtu alikuwa amerudi kinyumenyume mpaka akachomeka mkia wa gari kwenye lundo la marudio, kwa nguvu za kupasua bampa.

Hakulia. Alichukua ile sahani ya bati, akatoa skrubu, akaukusanya unga wote kwa kiganja, akaufunika kwa sufuria.

Kisha akaendelea na kazi, na kwa kuwa alikuwa anaendelea kwa hasira, akakosea. Aliisukuma sensa mpya kwenye tundu lake mpaka masikio yake ya plastiki yakashika, akachomeka plagi, akaenda kutia rivasi. Piiii. Uani hapakuwa na kitu nyuma ya gari isipokuwa hewa. Akazima, akatia tena. Piiii. Aliitukana sensa, akamtukana Pritesh na baba yake Pritesh, akaikamata tayari kuing'oa aitupe kwenye minyaa. Ndipo alipoona ile alama ikimtazama kutoka chini.

"Haya," akaiambia. "Hata mimi ningepiga kelele, ningesimamishwa kichwa chini."

Akaigeuza. Akatia rivasi. Kimya. Akapita nyuma ya gari na ungo wa Nelly mkononi: pip. Akausogeza: pip, pip. Akaubandika karibu kabisa: piii. Akauondoa: kimya. Alirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Halafu akarudisha bampa, akafunga ule mpasuko kwa waya mwembamba kama wanavyoshona beseni, na pale penye klipu iliyokatika akakaza kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Halikuwa zuri. Sensa nyeusi kwenye bampa jeupe ilikuwa kama jino bovu kwenye mdomo wa bibi harusi. Lakini lilishika.

Jumapili walikuja wengi. Shangazi wa ukoo walikaa kwenye mikeka, wanaume kwenye viti, Masele katikati. Donatus alikaa mbali upande wa minyaa, mahali pake pa mkwe, na Nelly karibu yake. Hakuna aliyemsalimu Eufrasia zaidi ya lazima.

"Anza," Masele akasema.

Akaingia garini, akatia rivasi. Watu walitega masikio wakingoja ile piii. Haikuja. Minong'ono ikapita mikekani. Gari likaanza kurudi polepole kuelekea mwanya wa minyaa, na Eufrasia akaona kwenye kioo cha kushoto nafasi ya kutosha, kwenye cha kulia nafasi ya kutosha. Akaongeza kidogo.

Pip. Pip, pip.

Kwenye vioo hapakuwa na kitu. Katika maisha yake yote Eufrasia hakuwahi kumsikiliza mtu aliyemwambia asimame. Pip-pip-pip. Akakanyaga breki.

Akashuka, akazunguka. Nyuma ya kona ya kulia, pale ambapo kioo hakifiki, palikuwa na kinu. Kilikuwa kimebakiza upana wa kiganja kufikia bampa. Alipoingia garini kilikuwa jikoni.

Akakitazama, kisha akauzungusha uso wake kwa waliokaa, mmoja mmoja, mpaka ukafika kwa Masele. Masele akaangalia viatu vyake.

"Kinu changu," Eufrasia akasema, "kimefuata nini barabarani? Kimechoka kutwangwa?"

Shangazi mmoja akacheka. Masele akakohoa. "Nilitaka kuona kama unaona."

"Nimeona. Kiondoe, kwa vile ndiwe uliyekileta."

Na Masele, mkubwa wa ukoo, mwenye ng'ombe, akainuka akabeba kinu. Eufrasia akaingia garini, akalitoa nje ya uzio bila kugusa hata jani, akalirudisha, akazima, akashuka na ufunguo mkononi.

"Amelipa fundi," Donatus akasema kwa sauti kutoka upande wake. "Sensa imefungwa na fundi mjini, halafu anatuigizia hapa. Kuitengeneza si kukubali kwamba aliivunja? Aliyevunja ndiye anayetengeneza."

Wanaume wawili watatu wakatikisa vichwa kwamba lina mantiki hilo. Eufrasia aliliona neno likishika kama moto kwenye nyasi kavu. Masele alikuwa anafikiri, na Masele akifikiri huwa anafikiria faida. Basi Eufrasia akaingia jikoni, akatoka na ile sahani ya bati, akaiweka magotini pa Masele.

"Shika, shemeji. Ulimwosha ndugu yako siku ya kufa. Unga huu ndio ulioutoa kwenye vidole vyake. Ulikuwa nyuma ya bampa langu."

Masele akatia kidole. Akausugua. Uso wake ukabadilika, si sana, kama ukuta unaopata ufa mmoja. Akawapitishia wenzake sahani.

"Vumbi ni vumbi," Donatus akasema.

Eufrasia safari hii hakumwita Nelly, wala hakuzungumza na kuku. Alimgeukia mkwewe uso kwa uso, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu mahari ipokewe.

"Huyo rafiki yako," akasema, "mlimzika kwenye karasha?"

Uani palilipuka. Shangazi walijifunika vicheko kwa kanga, wanaume wakapiga mapaja. Donatus akasimama. Akaja kwa hatua kubwa kukatiza ua, wakidhani anakwenda kwa Masele kujitetea, lakini hakwenda kwa Masele. Alikwenda kwa Eufrasia, akamkamata kifundo cha mkono wenye ufunguo, akaminya.

"Lete hapa! Utanifanya kichekesho mbele za watu, wewe bibi?"

Vicheko vikakatika vyote pamoja. Donatus alikuwa amemshika mama mkwe wake. Akashusha macho, akauona mkono wake mwenyewe pale ulipo, akauondoa kama ulioshika kaa la moto. Ufunguo ukaanguka mchangani katikati yao.

Wapo mpaka leo Tinde wanaosema Eufrasia alimtega. Wanasema alijua hasira ya yule kijana na akalenga maneno kama mtu anayelenga jiwe. Ukimwuliza mwenyewe atakuuliza kama umekuja kununua kitu au kupoteza muda wake.

"Kaa chini," Masele akamwambia Donatus, na sauti haikuwa ile ya faida. "Hapana. Usikae hapa. Nenda kakae nje." Akawageukia watu. "Gari la nani siwezi kulisema leo, kadi itasema mahakamani wakitaka. Lakini huyu hatakabidhiwa kitu chochote kutoka kwenye ua huu. Mtu aliyemshika mkwewe hata kuku hatumpi. Alete mbuzi wa faini, kisha tutaona."

Ufunguo ulikuwa bado mchangani. Hakuna aliyeugusa. Nelly akainuka, akaja, akaupangusa kwa kanga yake, akamwekea mama mkononi.

"Chukua," akasema. "Umeshinda. Mimi narudi Geita na mume wangu, na asije mtu kunituma tena kupeleka maneno."

"Nelly, amenivunjia gari, akanisingizia."

"Nimesikia. Wote tumesikia. Wewe mama unasikika hata usipoitwa."

Akatoka kupitia mwanya wa minyaa. Eufrasia alikuwa na jibu. Alikuwa nalo kabisa, liko mdomoni, kali. Akalimeza.

Wiki iliyofuata alipakia marobota ya mitumba na wenyewe, akalitoa gari kinyumenyume, akaenda mnadani Kishapu. Aliporudi akakuta mbuzi dume mwenye mabaka amefungwa kwenye minyaa, nje. Faini. Kwa mila, akimfungua na kumwingiza uani, amesamehe, na Donatus ataruhusiwa tena kusimama kwenye uzio na kutoa shikamoo. Masele alishatuma mtu kuuliza kama ameingizwa.

Eufrasia alisimama akamtazama mbuzi, na mbuzi akamtazama. Jua lilikuwa kali. Akaenda ndani, akarudi na beseni la maji, akaliweka karibu na midomo yake, maana mbuzi hakuligonga gari la mtu. Mbuzi akanywa mpaka akamaliza. Kamba Eufrasia hakuifungua.